Barabara ikikatwa na mafuriko Kilwa: dhana potofu na ukweli

Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Barabara ikikatika, maneno ni yaleyale.

"Lami ilikuwa nyembamba."
Lami ni ngozi ya juu tu. Mzigo unabebwa na tuta, yaani udongo ulioinuliwa na kushindiliwa chini ya lami, na tuta huliwa kuanzia chini. Magogo na majani yakiziba mdomo wa kalavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, maji hupanda, huvuka lami na kuporomokea upande wa pili. Hapo huchimba kitako cha tuta, udongo humegeka kurudi nyuma mpaka lami inaning'inia hewani.

"Mwageni vifusi, magari yapite."
Hii ndiyo inayotugharimu zaidi. Kifusi kisicho na njia ya maji ni bwawa, na mvua inayofuata italibomoa. Kwanza maji huchepushwa, kisha ekskaveta huzoa tope lote hadi ardhi ngumu. Hufuata mawe ya sentimita 30 hadi 60, na makalavati ya muda yaliyolazwa usawa wa mkondo, si juu yake. Juu ya mawe hutandikwa kitambaa cha kuchujia; pasipo hicho udongo hupenya katikati ya mawe na barabara hutitia. Kingo za tuta la zamani hukatwa ngazi ngazi ili kifusi kipya kishikane nalo, nacho hushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Ukimwaga mita nzima kwa mkupuo, rola hukaza juu tu. Udongo ulioloa unaofaa hushikamana ukiufumbata, bila kuchuruza maji. Hata hivyo vipimo vya maabara ndivyo vyenye kauli.

"Kalavati kubwa linatosha."
Halitoshi kama mdomo wa kutokea umeachwa wazi. Panahitaji sakafu ya zege yenye ukuta uliozamishwa ardhini, kisha gabioni, yaani makasha ya wavu wa waya yaliyojazwa mawe. Mawe yake yazidi matundu ya wavu. Madogo huchomoka moja moja hadi kasha linalegea.

"Maji yamepungua, twende."
Sentimita 30 za maji yaendayo kasi zaweza kulielesha gari dogo. 60 huchukua magari mengi, pikapu zikiwemo. Utingo kutangulia na fimbo hakusaidii sana: fimbo hugonga lami, haionyeshi pango lililo chini yake. Ufa mrefu ukiambaa kando ya barabara, lori la saruji lisipite hapo.