Mgandamizo wa hewa ni nini hasa? Yaani hewa nayo ina uzito?

Nyumbani kwetu tulichimba kisima, maji yakapatikana kwenye mita kama 14 hivi, fundi akaja na pampu ya umeme akaifunga juu ya mdomo wa kisima akateremsha bomba, akawasha. Ikanguruma weee, hata tone hakuna. Akasema pampu mbovu, ikabadilishwa, ya pili nayo vilevile. Hela imeenda, na pampu zote mbili zilikuwa nzima kabisa.

Tatizo lilikuwa hewa. Sisi tumezoea kuona hewa ni kitu hakipo, chupa tupu tunasema haina kitu, kumbe hewa ina uzito wake na iko nyingi mno juu ya vichwa vyetu, imerundikana kwenda juu kilomita na kilomita, na ya juu inailalia ya chini. Ule mzigo wa hewa yote iliyo juu yako unavyokandamiza ndio unaitwa mgandamizo wa hewa, shuleni wengine tulifundishwa kanieneo, mtaani ni presha ya hewa tu. Usawa wa bahari ni kama kilo moja kwenye kila sentimita moja ya mraba, yaani ukucha wa kidole gumba umebeba kilo moja na kitu hapo ulipo. Hatupondeki kwa sababu inasukuma pande zote, na ndani ya mwili nako kuna msukumo uleule unaojibu.

Sasa turudi kwenye pampu. Ile ya kufunga juu haivuti maji, hapo ndipo watu wengi wanapotea, inachofanya ni kutoa hewa ndani ya bomba basi, alafu hewa ya nje inayokandamiza maji ya kisima ndiyo inayoyasukuma yapande. Hata soda na mrija ni hivyohivyo, huvuti soda, unapunguza hewa kwenye mrija na hewa ya nje inakusukumia. Na nguvu ya hewa ina mwisho wake, inaweza kunyanyua maji mita 10 na kidogo, ukiwa mlimani hazifiki, na kwa pampu za kawaida saba au nane ushukuru. Mita 14 hata ulete pampu ya ukubwa gani juu pale, hamna kitu. Tulikuja kuweka ya kuzama, hiyo inakaa chini majini na inasukuma kutoka huko, haina shida na hesabu za hewa.

Hili jambo liliwasumbua watu zamani sana. Mwaka 1643 Mwitaliano mmoja, Evangelista Torricelli, badala ya kuhangaika na bomba refu la maji akatumia zebaki, ile metali ya majimaji, ambayo ni nzito mara 13.6 kuliko maji, akajaza mrija wa kioo akaugeuza ndani ya bakuli, zebaki ikashuka ikasimama kwenye sentimita 76 hivi. Piga 76 mara 13.6 uone, unapata zile mita 10 na kidogo za kisima chetu. Ndio ikawa baromita, yaani chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa. Miaka mitano baadaye Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa, akamtuma shemeji yake apande nayo mlimani, na kweli huko juu zebaki ikashuka, maana ukipanda mlima unaiacha hewa nyingine chini yako na mzigo unapungua.

Hii hata ukipanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto unaiona. Masikio yanaziba, na pakiti ya krispi uliyonunua barabarani imevimba kama puto, hewa ya ndani ni ileile ya chini lakini nje mzigo umepungua. Au waulize watu wa Njombe kuhusu maharage, kule ni karibu mita 2,000 na maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo sufuria inatokota vizuri tu lakini maharage hayaivi, unaongeza mkaa wee. Presha kuka inafanya kinyume chake, inafungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda na maji yanafika nyuzi kama 120 ndio yachemke. Na kule kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgandamizo ni kama nusu ya wa pwani. Watu husema oksijeni inaisha kule, hapana, bado ni asilimia 21 ya hewa kama Dar, ila hewa yenyewe imekuwa nyepesi kwa hiyo kila pumzi unapata nusu.

Alafu kuna ule wa kwenye utabiri, "mgandamizo mdogo wa hewa". Huo ni sehemu ambayo mzigo umepungua, mara nyingi kwa vile hewa imepata joto ikapanda juu, na hewa ya pembeni inakimbilia hapo kujaza, na huko kukimbilia ndio upepo. Kaskazi yetu ya Desemba hadi Machi inatoka upande wa Uarabuni na Asia ambako baridi imefanya mgandamizo uwe mkubwa, kusi inasukumwa na mgandamizo mkubwa ulioko kusini mwa Bahari ya Hindi. Majahazi ya Oman yalikwenda na kurudi kwa tofauti hiyo. Kimbunga nacho ni hivyohivyo ila kwa ukali, kama Hidaya ya Mei 2024, katikati mgandamizo umeshuka sana na hewa inazunguka kulifuata hilo shimo.

Mgandamizo ukiwa mkubwa hewa inashuka badala ya kupanda, kunatulia, na hapo ndio moshi unapotutesa. Asubuhi za baridi za Juni na Julai pale Nairobi au Arusha hewa ya baridi imekaa chini, ya joto iko juu yake kama mfuniko wa sufuria, moshi wa magari, wa taka zinazochomwa na wa majiko unakosa pa kwenda. Chembe zinazoogopwa zaidi hapo ni zile za chini ya mikroni 2.5 (mikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu), unywele mmoja una unene wa kama mara 30 ya hizo, puani hazikamatwi, zinaenda moja kwa moja mapafuni. Mimi siku hizi mbio za saa 12 asubuhi kando ya barabara nimeacha, nasubiri mpaka saa nne jua lipashe ardhi, hewa ya chini ianze kupanda.