Mandhari Huanzia Mita ya 31: Kuhuisha Mpango wa Ukanda wa Barabara ya Uyole–Tukuyu

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imezipa barabara kuu hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Ndani ya mita hizo mwenye kauli ni TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Ukivuka hapo umeingia kwenye shamba la mtu, ardhi ya kijiji, uwanja wa shule au msitu wa hifadhi. Sasa panda basi Uyole, jijini Mbeya, kwenda Tukuyu, wilayani Rungwe. Likishapandisha kuelekea Isyonje na kuanza kuteremka, Mlima Rungwe ukiwa kushoto kwako na safu ya Ngozi kulia, karibu kila kitu kitakachokufanya uache simu utazame nje kiko nje ya mita 30 hizo.

Nimeanza na vipimo makusudi. Sisi tunaoandaa mipango tukifika kwenye kata kuzungumzia kuhuisha mpango wa usimamizi wa ukanda wa barabara, nusu ya watu huwa wamekuja na hofu ya X, ile alama inayochorwa kwenye nyumba ya kubomolewa. Hofu hiyo ina sababu. Kabla ya sheria ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, na ilipopanuliwa kufikia mita 30, waliokuwa wamejenga kihalali kwenye ile nyongeza ya mita saba na nusu walijikuta ndani. Hao huwekewa X ya kijani, yenye haki ya fidia. Aliyejenga ndani ya hifadhi kinyume cha sheria huwekewa X nyekundu na hadai kitu. Hayo ni mambo ya hifadhi ya barabara. Mpango wa ukanda hauna rangi na haumbomolei mtu. Ni makubaliano ya maandishi na ramani yake, yanayosema barabara hii ina kitu gani cha thamani, kiko wapi, kinatishiwa na nini na nani atafanya nini.

Wenzetu Marekani wana programu ya kitaifa ya barabara za mandhari tangu 1991, na barabara haipewi hadhi hiyo kitaifa bila mpango wa ukanda ulioandaliwa pamoja na jamii zinazoishi kandokando yake. Norway wao wamechagua barabara 18 za utalii na kuzijengea sehemu za kusimama. Sisi sheria yetu inazigawa barabara kwa kazi zake: kuu, za mkoa, za wilaya. Daraja la barabara ya mandhari halimo. Lakini zana tunazo. Tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayolinda mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, na sheria ndogo ambazo kijiji kina mamlaka ya kutunga tangu 1982. Mpango wa ukanda unaziunganisha hizo kwenye ramani moja, kwa sababu mandhari haijui mpaka wa kata wala wa halmashauri. Barabara hii peke yake inapita Jiji la Mbeya na Rungwe, ikiendelea kusini inaingia Kyela, na Mto Kiwira unaoikata una bodi yake ya bonde, ya Ziwa Nyasa.

Kwa nini mpango uhuishwe? Jibu la ofisini ni kwamba muda wake umekwisha. Jibu la barabarani ni kwamba miti imekua. Mwaka ambao timu ilipita na kuandika kuwa mahali fulani panaonekana bonde lote, pale palikuwa na shamba la viazi. Mwenye shamba akapanda milingoti, yaani mikaratusi. Baada ya miaka mitatu minne abiria anaona ukuta wa majani, na mpango kwenye kabati la halmashauri bado unasema bonde linaonekana.

Kazi ya kwanza kwa hiyo ni kurudi pale pale zilipopigwa picha za mwanzo, tukielekeza kamera upande ule ule, mwezi ule ule. Mwezi una maana yake. Juni na Julai ukungu wa Isyonje unaweza kukufanya uandike kuwa hakuna mlima. Kamera tunaiweka kwenye usawa wa macho ya abiria wa basi kubwa, si wa dereva wa gari dogo, kwa kuwa wengi wanaopita hapa wamekaa juu. Ua la shule linalomziba mwenye gari dogo halimsumbui kabisa aliye dirishani kwenye basi.

Halafu kuna hesabu ambayo mipango mingi huisahau. Basi likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Upenyo wa mita 100 kati ya miti unapita kwa chini ya sekunde tano, na nusu ya muda huo abiria yuko anageuza shingo. Kwa maoni yangu, vipenyo vidogo hivyo visigombaniwe. Afadhali kijiji kikubali kulinda pawili patatu, pana, na hasa pale barabara inapopiga kona na bonde likafunguka mbele ya kioo bila mtu kugeuka, kuliko kuorodhesha vipenyo 30 ambavyo hakuna atakayevilinda.

Hapa tunafika kwenye chai. Watu husifu mandhari ya Rungwe kana kwamba ilijichora. Sehemu kubwa ya kile unachokiona kati ya Kiwira na Tukuyu kinaonekana kwa sababu mchai hukatwa na kuchumwa usizidi kiuno cha mtu. Macho yanapita juu yake mpaka mlimani. Ungeachwa ukue ungekuwa mti. Mlinzi wa mandhari hii basi ni mkulima mwenye robo eka au nusu eka, anayechuma na kupeleka majani mabichi kiwandani, na anayemlipa ni bei ya majani hayo. Bei ikilegea, au malipo yakichelewa, anang'oa chai na kuweka kitu kingine. Akiweka parachichi za kupandikizwa si vibaya sana, maana huwa fupi na hukatwa. Akiweka milingoti, mambo yamekwisha. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayehuisha mpango huu bila kukaa na vyama vya wakulima wa chai ameacha kiini na kushika maganda.

Kwenye mikutano swali hilo huja kwa lugha fupi zaidi. Utasikia mzee akisimama: "Mtaalamu, hiyo mandhari inaliwa?" Ni swali la haki. Mlingoti una faida inayohesabika, kwani ukiwa mchanga ni fito, ukizidi ni mirunda, ukikomaa ni nguzo. Ni akiba ya ada ya mtoto. Huwezi kumwambia mtu aache akiba yake ili mgeni anayepita bila kusimama afurahi.

Bahati nzuri milima inatusaidia. Shamba likiwa upande wa bondeni na kuteremka sana, si lazima mti ukatazwe. Kinachotakiwa ni kukubaliana urefu na umbali. Tunachora mstari kutoka kwenye jicho la abiria hadi mahali anapotakiwa kuona. Eneo lililo mita 25 chini ya mstari huo linabeba mlingoti wa mita 20 bila kuziba chochote. Eneo lililo mita tano chini yake linafaa chai, viazi, maharage au parachichi. Kwa njia hiyo mkulima hanyang'anywi miti yake, anaishusha. Tukiichora hivi ubaoni, kwa chaki na rula, mabishano hupungua zaidi kuliko kwa hotuba yoyote ya uhifadhi. Kando ya mto ni habari nyingine, maana zile mita 60 ni za kisheria na mlingoti hauna nafasi pale.

Bado kuna shamba moja moja ambalo halina chini wala juu, liko sambamba na barabara, na mwenyewe ndiye anayeombwa kuacha. Huyo apate kitu. Mpango hauna fungu la kulipa fidia ya kuonekana kwa bonde, na atakayekuahidi fedha hizo anakudanganya. Kinachowezekana ni kijiji kuandika kwenye sheria ndogo zake kwamba kaya zinazoacha upenyo wazi ndizo za kwanza kupata kibanda kwenye eneo la kusimama magari, na kwamba sehemu ya ushuru wa maegesho inabaki kijijini. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuanzia kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa mgawo wa 4, 4 na 2.

Hapo ndipo tunapogusa jambo ambalo waandaaji wengi wa mipango hulipita kwa aibu, yaani kuchimba dawa. Basi limetoka Kyela, abiria wamebanwa, dereva anasimama penye nafasi. Na penye nafasi, mara nyingi, ndipo penye mandhari. Ukishuka kutazama bonde unakanyaga usichokitarajia. Unaweza kuweka kibao kizuri cha "eneo la kuangalia mandhari", lakini bila choo chenye maji na mtu anayelipwa kukisafisha umetengeneza choo cha wazi chenye kibao. Nikiambiwa nichague matumizi ya fedha kidogo zilizopo, nitaweka choo kwanza, pipa la taka la pili, mabenchi baadaye sana.

Wauza ndizi, karoti na parachichi nao wasichukuliwe kuwa uchafu wa kuondoa. Mikungu iliyopangwa kando ya barabara ni sehemu ya safari hii sawasawa na mlima. Kasoro ni mahali. Banda likikaa kwenye kona ya mteremko, fuso lililobeba mzigo likija nyuma ya gari lililosimama ghafla kununua, hakuna mandhari itakayozungumzwa tena. Mpango mpya unatakiwa uoneshe kwa michoro pale magari yanapoweza kutoka kabisa nje ya lami, na mabanda yahamie huko pamoja na wateja wake. Kuwahamisha wauzaji mita 800 kwenda mahali ambapo basi halisimami ni kuwafukuza kwa lugha ya upole.

Mifereji inahitaji sentensi chache tu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mtu akilima mpaka ukingo wa mtaro, udongo unaingia mtaroni, kalavati linaziba, maji yanapanda juu ya lami na ukingo unakatika. Majani yasiyolimwa kandokando ya mtaro yanalinda barabara na macho kwa pamoja. Mashimo ya kifusi yaliyoachwa na wakandarasi nayo yaorodheshwe moja moja, na jina la anayetakiwa kuyafukia liandikwe pembeni.

Nimetumia Uyole–Tukuyu kama mfano, ila hoja inasafiri. Kwenye barabara kuu ya TANZAM, iendayo Zambia, kati ya Ruaha Mbuyuni na mlima Kitonga, kilicho hatarini ni mibuyu. Chai unaweza kuipanda tena, lakini mbuyu uliokatwa kupisha upanuzi hakuna aliye hai atakayeuona mwenzake ukifika ukubwa ule. Pale mpango uhesabu mti mmoja mmoja kabla mhandisi hajachora mstari, si baada yake. Kwenye barabara ya Chimala–Matamba, yenye zile kona 57 kuelekea Hifadhi ya Kitulo, tatizo ni kubomoka kwa kingo na magari kukosa pa kupishana. Na kwenye njia za kwenda Makete ambazo bado hazina lami, wakati mzuri wa kuandika mpango ni kabla lami haijafika, maana lami ikifika bei ya kiwanja inapanda na anayenunua haulizi bonde linaonekana kutoka wapi.

Sasa utaratibu. Rasimu ya mpango uliohuishwa hupelekwa kwa halmashauri ya kijiji, halafu kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa ukutane angalau kila miezi mitatu. Hapo ndipo penye nguvu ya kukubali au kukataa. Sheria ndogo zikishapitishwa na mkutano hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ramani ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, usitafute jina lako. Tafuta barabara, kisha mto, kisha pima shamba lako liko wapi kati yake. Likiwa ndani ya upenyo, mwombe ofisa ardhi akuoneshe picha iliyopigwa kutoka barabarani na urefu wa miti uliopendekezwa kwa eneo lako, kwa namba. "Miti mirefu isipandwe" si namba. Usipokubaliana nayo, sema mkutanoni na hakikisha mtendaji ameandika kwenye muhtasari, kwa kuwa pingamizi la kilabuni hatulioni.

Na kama una picha ya zamani iliyopigwa kando ya barabara hii, hata ya harusi, hata ya gari la babu lililoharibika Kiwira, ilete. Tunachohitaji ni kilicho nyuma ya watu: mlima, shamba, miti ilikuwa na urefu gani. Tunainakili hapo hapo na kukurudishia.