Elimu kwa umma: Kujifunza kuchora na matumizi ya picha rejea

Kila msimu wa maombi, idara ya sanaa za ufundi hupokea malalamiko ya waombaji ambao majalada yao ya michoro yamerudishwa. Wengi huona wameonewa, kwa kuwa mchoro "umefanana kabisa na picha". Kufanana na picha hakujawahi kuwa kigezo. Tunachotafuta ni jicho lililojifunza kupima.

Jicho hujifunza kwanza kwenye vitu halisi. Weka sufuria mezani, ukae umbali wa mita 1.5 hivi. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, fumba jicho moja, shika penseli wima, kisha upime kimo cha sufuria kati ya ncha ya penseli na kidole gumba. Ilaze penseli uone kipimo hicho kinaingia mara ngapi kwenye upana. Mkono ukikunjwa hata kidogo, vipimo vyote vimeharibika. Mdomo wa sufuria utauona kama duara lililobanwa, na hapa wengi hukosea mara mbili: huchonga ncha pande zote mbili, halafu huchora kitako kwa mstari ulionyooka kwa kuwa meza imenyooka. Pembeni pawe mviringo, na kitako kipinde zaidi ya mdomo, maana kiko chini zaidi ya usawa wa macho. Anza na penseli ya HB, ya ugumu wa kati, bila kukandamiza. 2B na 4B, zilizo laini na nyeusi zaidi, zisubiri hadi vipimo vikubali. Umbo lililokosewa haliokolewi na kivuli.

Kwenye uso, macho hukaa katikati ya urefu wa kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni. Wanaoanza huyapandisha hadi kwenye paji la uso kwa sababu husahau fuvu lililo chini ya nywele. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko Jumamosi nzima.

Picha rejea, yaani picha ya kamera unayoitazama ukichora, inaruhusiwa. Haijawahi kukatazwa, na tunaomba uvumi huo uishe. Ni vyema uipige mwenyewe, ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu. Simu ikiwa karibu na uso, pua huvimba na masikio hurudi nyuma, nawe utanakili kasoro hiyo ukidhani ndiyo sura yake. Kisichokubalika ni kuweka karatasi juu ya kioo cha simu na kufuatisha mistari. Hutambulika upesi: mistari yote ina uzito mmoja, hakuna alama ya kipimo popote, na sikio hukaa kama limebandikwa.

Picha iliyopigwa na mtu mwingine ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Sura ya 218, hulinda picha za kamera kama inavyolinda michoro. Kuandika jina la mpigapicha chini ya mchoro si kibali, na hili tumelieleza mara nyingi. Ukitaka kuuza au kuonyesha mchoro uliotokana na picha hiyo, pata kwanza ruhusa yake ya maandishi.

Unapoomba maoni, usiulize "mnauonaje?", maana utajibiwa "mkali sana" na hutakuwa umejifunza kitu. Uliza: "Bega la kushoto limeshuka kupita kiasi?" Anayekosoa aweke kidole mahali penyewe na ataje kipimo. Kabla ya hapo, utazame mchoro wako kwenye kioo cha kujitazamia, kilichopinda kitajitokeza. Marekebisho yafanyike kwenye karatasi mpya, ile ya kwanza uihifadhi.

Kuhusu jalada: michoro iwe 10, na 6 kati yake itokane na vitu au watu halisi. Nyuma ya kila mchoro andika tarehe, muda uliotumika na chanzo. Kama ni picha, bandika nakala yake. Kama ulitumia gridi, yaani miraba ya kuhamishia picha kwenye karatasi, itajwe. Mchoro mmoja ukibainika kuwa na maelezo ya uongo, jalada lote hurudishwa, na mwombaji husubiri msimu unaofuata. Anayekata rufaa alete michoro halisi pamoja na rasimu zake. Picha za simu za michoro hiyo hazipokelewi.