Je, wajua kwa nini printa husema wino umeisha ilhali ungalimo?

Kwa sababu printa nyingi za nyumbani hazipimi wino, zinauhesabu. Hilo sikulijua kwa miaka, na ujinga wangu ulimpatia fundi mmoja wa steshenari hapa Dodoma maneno makali ambayo hakustahili.

Nilikuwa nimempelekea katriji nyeusi aijaze. Akachukua bomba la sindano, akausukuma wino taratibu huku akifuta matone kwa kitambaa, akanirudishia. Nyumbani, printa ikawasha taa ileile ya onyo. Kwenye kompyuta, kile kipicha cha katriji kikabaki kitupu na alama ya mshangao juu yake. Nikapanda bodaboda kurudi Majengo nikiwa nimefura, nikamwambia fundi ameniwekea maji.

"Dada, umejaribu kuprinti kwanza?"

Sikuwa nimejaribu. Niliona kipicha kitupu, nikaamini. Akaichukua katriji, akagusisha sehemu ya matundu kwenye tishu, ikabaki alama nyeusi nzito. "Printa haina macho, dada," akasema, kisha akamgeukia mteja mwingine aliyetaka kutoa kopi ya kitambulisho.

Imani yangu ilikuwa hii: mle ndani mna kiboya, kama kile cha tangi la mafuta la gari, kinachoshuka wino unaposhuka. Wengi ninaozungumza nao wanaamini hivyo hivyo, na kosa lenyewe lina mantiki yake. Kipicha kwenye skrini kimechorwa kama chombo chenye kimiminika, kinapungua kidogo kidogo, kina rangi. Nani angedhani ni hesabu ya kutoa iliyovishwa nguo? Kwa imani hiyo nilishatupa katriji nyingi, na nina hakika baadhi zilikuwa na wino. Moja niliwahi kuipasua kwa kisu cha jikoni kumtafuta huyo kiboya. Nilikuta sponji iliyolowa, na vidole vyangu vikabaki vyeusi siku tatu.

Sponji ile ina kazi yake. Huushikilia wino usichuruzike wenyewe kupitia matundu ya kuchapia, ambayo ni membamba kuliko unywele. Printa ikitaka tone, inalitoa kwa nguvu. HP na Canon hupasha wino moto ghafla hadi kiputo cha mvuke kisukume tone nje. Epson na Brother hutumia kipande kinachojikunja kikipata umeme na kulikamua tone. Kwa njia zote mbili, hakuna tone linalotoka bila printa kuliamuru, na anayetoa amri anaweza kuzihesabu amri zake. Ujanja wote uko hapo.

Ukubwa wa hesabu hiyo unastaajabisha. Matone hupimwa kwa pikolita, yaani sehemu moja ya trilioni ya lita. Chukua tone la pikolita 5 na katriji ndogo yenye mililita 5 za wino: ni matone bilioni 1. Printa ya bei ya chini kabisa, iliyofunikwa kitambaa cha sebuleni, inajua imeshatoa mangapi.

Tuseme kuna nyumba Nkuhungu yenye simtanki la lita 1,000 juu ya mnara. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao, tangi ni jeusi, na hakuna mwenye hamu ya kupanda ngazi kuchungulia. Mama mwenye nyumba ana daftari. Tangi likijaa anaandika 50, kwa kuwa ndoo yake ni ya lita 20, na kila ndoo ikichotwa anapunguza moja. Ikitoka ya 40 anatangaza kwamba zimebaki ndoo 10. Hajayaona maji. Amesoma daftari.

Siku nyingi daftari litasema kweli. Lakini watoto wakitumwa kuchota, ndoo zao hazijai, na kila moja inaandikwa kama ndoo nzima. Daftari litafika sifuri tangi likiwa na maji. Siku nyingine koki inavuja usiku kucha na hakuna anayeandika. Asubuhi daftari linasema zimebaki ndoo 20, bomba linakohoa hewa. Na siku ya tatu, mama yuko sokoni, boza linapita, kijana wa nyumbani analipia na tangi linajazwa hadi juu. Hakuna aliyegusa daftari. Mama anarudi, anasoma sifuri, anapiga marufuku kufua.

Boza hilo ndilo lililonipeleka Majengo na bodaboda. Fundi alijaza tangi, daftari likabaki kama lilivyokuwa. Daftari la printa hukaa kwenye chipu iliyobandikwa kwenye katriji au kwenye kumbukumbu ya printa yenyewe, kutegemea aina, na sindano haina namna ya kuandika humo. Ndiyo maana printa nyingine, baada ya kukulalamikia, hukubali kuendelea ukibonyeza "sawa", na nyingine hugoma kabisa hadi chipu ibadilishwe au irudishwe mwanzo. Printa nyingi za Canon hutaka ushikilie kitufe cha Stop kwa sekunde 5 au zaidi. Baada ya hapo zinaacha kuonyesha kiwango cha wino ule. Naupenda uungwana wa jambo hilo: mashine inayokubali kwamba hesabu imeipotea.

Mama wa simtanki ana tabia nyingine inayofaa kutajwa. Hachoti hadi ndoo ya 50. Akifika ya 46 anasimama, kwa sababu chini kuna tope, na pampu ikivuta hewa inaungua. Printa nazo husimama mapema, maana kichwa cha kuchapia, ile sehemu yenye matundu, kikiingiwa na hewa badala ya wino huweza kuharibika. Ni mapema kiasi gani ndipo palipozuka ugomvi. Mwaka 2006 Epson ya Marekani ilimaliza kwa maafikiano kesi ya pamoja ya wateja waliodai kwamba katriji zilitangazwa tupu zikiwa na wino. Hoja ya kinga ya kichwa ni ya kweli kiufundi. Kwamba hoja hiyo pia huuza katriji, hilo nalo halihitaji fundi kuliona.

Nisije nikakusukumia kosa jipya: zipo printa zenye macho kidogo. Katriji kadhaa za Canon za rangi moja moja zina kipande cha plastiki angavu chini yake. Printa hukimulika, na mwanga ukirudi kwa namna fulani inajua chumba cha wino wa majimaji kimekauka. Ila hata hapo, wino uliobaki kwenye sponji unarudi kuhesabiwa. Printa za tangi, zile zinazojazwa kwa chupa na zilizojaa steshenari zetu, zimemaliza ubishi kwa dirisha la plastiki: unaangalia mwenyewe. Kwenye hizo, amini tangi kuliko skrini, na usiache wino ushuke chini ya mstari wa chini, kwa sababu hewa ikiingia kwenye mirija kuitoa ni kazi. Za leza hutumia unga, tona, na nyingi pia zinakadiria. Ukiitoa tona na kuitikisa taratibu kushoto na kulia, unga uliojikusanya upande mmoja husambaa na kurasa kadhaa hupatikana.

Kwa hiyo ukitokewa na onyo la wino, kioo chako ni karatasi. Chapisha ukurasa wa kukagua matundu, upo kwenye menyu ya printa karibu zote. Mistari ikitoka mizima, wino upo, hata skrini iape. Mistari ikikatika, kuna mambo mawili: wino umeisha kweli, au haufiki. Kwa katriji iliyojazwa upya, angalia kitundu cha hewa juu yake kabla ya kitu kingine. Ukikiziba chote kwa selotepu, wino hautoki, kama kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja. Kila aliyewahi kufungua kopo hilo anajua tundu la pili ni la nini.

Usikimbilie kusafisha kichwa mara tano mfululizo. Kila usafishaji unanyonya wino mzuri na kuutupa, na kuutupa huko hakuendi mbali: wino taka unaingia kwenye sponji kubwa chini ya printa. Sponji hiyo nayo ina daftari. Hesabu ikifika kikomo, aina nyingi hukataa kufanya kazi hadi ihudumiwe, bila yeyote kuigusa sponji kuona kama imelowa kiasi hicho.

Hapa kwetu sababu ya wino kutofika mara nyingi ni kukauka. Mvua za Dodoma huanza Desemba hivi na kukoma Aprili. Miezi iliyobaki hewa ni kavu na upepo haupumziki. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa huenda kujiegesha kwenye kofia ya mpira inayokifunika. Ukichomoa waya ukutani, au umeme ukikatika katikati ya ukurasa, kichwa hubaki uchi. Umeme hatuuamulii, lakini swichi ya ukutani ni yetu. Zima kwa kitufe, na uchapishe ukurasa mmoja wa rangi kila wiki hata kama huna cha kuchapisha.

Nilipoelewa habari ya daftari, onyo la pili lililokuwa likinitesa likaeleweka lenyewe: "hakuna karatasi", na karatasi zimelala kwenye trei, nyeupe, nyingi. Hapa pia nilidhani kuna kitu kinachoitazama trei. Printa nyingi za bei nafuu hazina. Zinazungusha rola ya mpira, kisha zinasubiri karatasi isukume kijiti kidogo cha plastiki ndani ya njia yake. Kijiti kisipoguswa kwa muda uliopangwa, printa inahitimisha kwamba trei ni tupu. Ni kama mtu anayebisha hodi mara tatu, asipoitikiwa anaondoka akitangaza kwamba nyumba haina watu.

Kwa hiyo onyo hilo kwa kawaida ni habari ya rola kuteleza. Rola lazima iishike karatasi ya juu kwa nguvu kuliko karatasi hiyo inavyoshikwa na mwenzake wa chini. Mhesabu noti hulamba kidole kwa sababu hiyohiyo. Rola ikipata vumbi au mpira wake ukizeeka na kung'aa, inakuwa kidole kikavu. Watu wa Dodoma tunalilaumu vumbi la barabarani kwa kila kitu, nami silitetei, ila vumbi jingine linatoka kwenye karatasi yenyewe: karatasi nyingi za ofisini zina unga wa chokaa ndani yake, na unga huo huachwa kwenye mpira kidogo kidogo. Zima printa, chomoa waya, futa rola kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa maji kidogo, ukiizungusha, kisha iache ikauke. Spiriti mafundi wengine huipenda. Kwa mpira uliokwishazeeka mimi naiogopa.

Kuvuta karatasi mbili kwa pamoja ni kinyume chake: zinashikana zenyewe kupita kiasi. Karatasi kavu mno huzaa umeme tuli zinaposuguana, ule unaofanya kitambaa cha nailoni kigande mwilini Julai. Nadhani ndiyo sababu lawama hii huvuma zaidi kiangazi, ingawa karatasi iliyovuta unyevu masika nayo hugandana na kujikunja, hivyo usiyabebeshe majira peke yake. Dawa ni moja kwa zote: rimu unayoitumia iache ndani ya ganda lake, toa kiasi cha kutumia leo, zipepee kwa kidole gumba kingo zote kabla ya kuziweka, usijaze trei hadi mdomoni, na vibanio vya pembeni viguse karatasi bila kuibana.

Karatasi ikikwama, ivute kwa mikono miwili, polepole, kwa upande inakoelekea. Mimi niliwahi kuikwapua. Ikatoka, nikafunga mfuniko, na printa ikaendelea kusema karatasi imekwama. Nikaimulika kwa tochi ya simu, sikuona kitu, nikaiita mbovu kwa wiki mbili. Kumbe kona ya karatasi, ndogo kuliko ukucha, ilikuwa imechanika na kubaki chini ya kile kijiti, imekiinua. Niliitoa kwa kibano cha nyusi.