Windows imeamilishwa, lakini je, ina leseni?

Mama mmoja wa Likoni, mpishi wa harusi, alinijia kibandani alasiri moja na laptopu kwapani. Ni zile za mitumba zinazoitwa ex-UK, aliinunua mjini miezi sita nyuma. Akaifungua juu ya meza yangu, akanionyesha pembe ya chini ya skrini, upande wa kulia. Palikuwa na maandishi ya kijivu, hafifu: Activate Windows.

"Mwanangu, haya yametoka wapi? Juzi hayakuwako."

Alikuwa ameshajaribu kubadilisha picha ya skrini akidhani maandishi yamo ndani ya picha, na mashine ikamkatalia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba muuzaji alimwapia kuwa Windows ile ni halali, na yeye mwenyewe siku ya kununua alionyeshwa kwa macho yake pameandikwa kwamba imeamilishwa. Sasa nani mwongo?

Kumjibu ilibidi nitenganishe mambo mawili ambayo karibu kila mteja wangu huyachanganya, na mafundi wengi pia, kusema kweli. Kuna leseni, na kuna kuamilisha, au kuaktiveti kama tunavyosema mitaani.

Leseni ni ruhusa. Ukinunua kompyuta unanunua vyuma, plastiki na kioo, na hivyo ni vyako, ukitaka vitupe baharini. Mfumo endeshi uliomo ndani hauwi wako. Windows ni mali ya Microsoft, na wewe umeruhusiwa kuitumia kwa masharti, yale marefu ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kuyasoma. Mtu wa Mombasa halioni hili kuwa geni, maana tuna nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni kwenyewe, kuna watu wenye nyumba zao kabisa, kuta zao na mabati yao, lakini uwanja una mwenyewe, na analipwa kodi ya ardhi. Laptopu ndiyo nyumba, Windows ndiyo uwanja. Tofauti ni kwamba huyu wa uwanja wa Windows hulipwa mara moja, na mara nyingi humlipi wewe. Mtengenezaji wa kompyuta alishamlipa na kukuwekea gharama hiyo ndani ya bei.

Kuamilisha ni namna mwenye uwanja anavyohakikisha kwamba uliyemo una ruhusa. Ufunguo wa Windows ni herufi na tarakimu 25, mafungu matano ya tano tano. Ukiuingiza na mtandao upo, kompyuta hujipekua: ubao mama upi (ile bodi kuu inayobeba vyote), diski ipi, kadi ipi ya mtandao. Hizo zote hukorogwa zikawa alama moja fupi, kama alama ya kidole cha mashine. Alama na ufunguo hupelekwa kwenye seva za Microsoft, yaani kompyuta zake za mbali zinazojibu maombi. Seva ikiona ufunguo unafaa na haujasambazwa kwenye mashine kupita kiasi, huandika na kurudisha jibu. Ni suala la sekunde chache. Kwa watumiaji wa kawaida desturi hii ilikuja na Windows XP mwaka 2001. Kabla ya hapo CD moja ilizunguka mtaa mzima kama sufuria la kuazimana.

Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mara nyingi hata ufunguo huuoni. Seva inaikumbuka ile alama ya kidole, na hiyo ndiyo leseni ya kidijitali. Ukifuta diski yote ukaweka Windows upya, toleo lile lile, unaruka tu pale panapotaka ufunguo. Ukiingia mtandaoni inajiamilisha. Ndiyo maana ninawaambia watu wasilie diski ikifa. Diski ni ya kubadilishwa, RAM ni ya kuongezwa, na kwa kawaida leseni haitikisiki. Ubao mama ndio wenye habari. Ukibadilishwa huo, kwa macho ya seva hiyo ni kompyuta nyingine, na jinsi chumvi ya pwani inavyozila bodi, kwetu hilo si jambo la nadra.

Leseni zenyewe haziko sawa, na hapa ndipo pesa za watu hupotea. Ya kwanza ni ya kiwandani, inayokuja na kompyuta. Imefungwa kwenye mashine ile ile: ukiiuza mashine, mnunuzi anairithi, kama anayenunua nyumba akaingia kwenye mapatano yale yale ya uwanja. Lakini huwezi kuuchukua uwanja ukaupeleka kwenye nyumba nyingine. Zamani ufunguo wake ulibandikwa chini ya laptopu kwa stika, ukasuguliwa na mapaja ya watu hata usisomeke. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakaanza kuuandika ndani ya chipu ya ubao mama, hausuguliki wala haufutiki ukisafisha diski. Ya pili ni ya dukani, unayoinunua peke yake. Bei ya Microsoft yenyewe huko Marekani ni kama dola 139 kwa Windows 11 Home na 200 kwa Pro, na hiyo unaweza kuihamisha toka kompyuta ya zamani kwenda mpya, mradi isibaki kote kuwili. Ya tatu ni ya jumla, wanayouziwa makampuni, mashirika na vyuo kwa ajili ya kompyuta zao nyingi.

Hii ya jumla ndiyo iliyokuwa ndani ya laptopu ya mama wa Likoni, na huyu si kampuni.

Niliandika slmgr /xpr kwenye kidirisha cha amri. Amri hiyo haina madhara yoyote, hata wewe unaweza kuijaribu leo: Windows iliyoamilishwa sawasawa hujibu kwamba imeamilishwa daima. Ikikujibu kwa tarehe ya mwisho, jiulize. Kwenye leseni za jumla mara nyingi huwa na seva ya ndani ya ofisi, na kompyuta zote huiomba ruhusa. Ruhusa ile hudumu siku 180, na kompyuta hujaribu kuihuisha kila baada ya siku 7. Mfanyakazi anayekuja kazini haoni kitu maisha yake yote. Programu nyingi za kukraki, yaani za kuvunja kufuli la leseni, zinaigiza seva hiyo. Zinaiambia kompyuta "ofisi yako ni hapa", kompyuta inasadiki, na ukurasa wa mipangilio unaandika kwa moyo mkunjufu kwamba Windows imeamilishwa. Siku moja ile seva ya uongo ikishindwa kujibu, labda kwa sababu programu ya ulinzi imeikamata, siku zinaanza kuhesabika. Laptopu hii ilikaa miezi yake sita, ikanyamaza, ikatoa maandishi.

Kwa hiyo muuzaji hakumdanganya macho. Ilikuwa imeamilishwa kweli. Haikuwa na leseni ya kuwa vile.

Vitu hivi viwili vinaweza kuachana kwa upande wa pili vilevile. Chukua Ubuntu, inayotolewa na kampuni ya Canonical tangu mwaka 2004. Haina ufunguo, haina kuamilisha, huombwi chochote, lakini leseni inazo, tena za maandishi marefu. Kiini chake, Linux, kimetolewa chini ya leseni inayokuruhusu kunakili, kubadilisha na kugawa, kwa sharti kwamba ukigawa, umpe mwenzio uhuru uleule. Kompyuta za Apple nazo hazikuulizi ufunguo, kwa kuwa masharti yao yanasema macOS iwekwe kwenye mashine za Apple tu, basi. Na kwa wanaopenda kujua, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi, sawa na diwani ya mashairi. Huwa nikilifikiria hilo nacheka, lakini Bodi ya Hakimiliki haicheki.

Mimi si wa kuwahubiria watu. Najua dola 139 ni pesa gani kwa mtu anayetafuta. Ninachokichukia kwenye kukraki ni sharti lake la kwanza: programu nyingi za namna hiyo zinakutaka uzime ulinzi wa kompyuta kabla hazijaanza. Unamfungulia mlango mtu usiyemjua, unamkabidhi nyumba ambamo mna M-Pesa ya biashara na picha za watoto. Funguo zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya sahani ya biriani nazo ni za kutazamwa mara mbili. Nyingi zimechopolewa kwenye leseni za jumla za watu wengine. Zinaingia, zinakubali, mpaka Microsoft ifunge ufunguo ule, na aliyekuuzia keshabadilisha jina.

Turudi mezani. Nilitazama toleo: Windows 10 Enterprise, ambayo ni ya mashirika. Lakini laptopu ile ilitoka kiwandani baada ya 2012, tena ni ya daraja la kiofisi, kwa hiyo nilishuku kuna kitu kimelala ndani. Nikafungua PowerShell, kidirisha kingine cha amri cha Windows, nikaandika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ukatokea, herufi zote 25. Ufunguo wa Windows 10 Pro, uliomo ndani ya ubao mama tangu mashine inaundwa. Mama alikuwa na leseni halali muda wote huo! Dukani walibandika toleo lisilolingana nayo, yawezekana kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye flashi yao, kisha wakalikraki ili lionekane sawa. Walivunja dirisha na ufunguo u mlangoni.

Kutibu ilikuwa rahisi. Nikaokoa mafaili yake, hesabu za harusi, kilo za mchele na mbuzi wa watu, nikaweka Windows upya kutoka kwenye flashi niliyoiandaa kwa faili za Microsoft wenyewe. Kwa kuwa kichakataji chake ni Intel ya kizazi cha nane, nilimwekea Windows 11 moja kwa moja. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ufunguo wa Pro ya 10 unaikubali Pro ya 11. Kisakinishi kilijisomea ufunguo na kuchagua Pro chenyewe. Nikawasha mtandao wa simu yangu, nikafungua Mipangilio, Mfumo, Uamilishaji. Imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali. Nikaandika tena slmgr /xpr mbele yake, safari hii ikajibu kwamba imeamilishwa daima.

"Sasa hiyo daima ni daima kweli?"

"Mpaka ubao mama ufe, mama."

Akaridhika. Akabadilisha picha ya skrini hapohapo, akaweka ya mjukuu wake, mashine ikakubali. Akafunga laptopu, akainuka aiwahi feri, kisha akasimama.

"Na ile Word yangu mbona siioni? Ilikuwa hapa."

Word ilikuwa imekrakiwa pamoja na mwenzake, na leseni ya Windows haiibebi Office. Hizo ni ruhusa mbili tofauti, zina bei mbili. Nilimwambia akae tena kidogo. Nikamwekea LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama ya Word, nikamfungulia orodha yake ya harusi ya Jumamosi, akaisoma mstari kwa mstari mpaka kwenye sambusa.