Mwalimu wa Kiingereza, daraja lako la mshahara linasoma cheti, si somo

Swali ninaloletewa kuliko yote na walimu wa Kiingereza wa shule za serikali hapa Tanzania ni hili: kwa nini mimi ninayefundisha lugha ya kufundishia sekondari nzima nalipwa sawasawa na mwenzangu wa Historia? Nimekaa dawati la utumishi halmashauri muda wa kutosha, na jibu langu halijawahi kubadilika. Jedwali la mishahara ya walimu halina safu ya somo. Lina safu ya cheti na safu ya muda, basi.

Ziko nchi ambako Kiingereza chenyewe kina jedwali lake. Japani ina mpango wa JET tangu 1987, nao hupanga malipo ya walimu wasaidizi wa lugha kwa mwaka wa mkataba: kwa miaka mingi ilikuwa yen 3,360,000 mwaka wa kwanza, ikipanda hadi 3,960,000 mwaka wa nne na wa tano. Korea Kusini, kwa mpango wa EPIK wa kuleta walimu wa Kiingereza kutoka nje, hupanga ngazi kwa shahada, cheti cha kufundisha na uzoefu. Lakini kabla ya hayo yote huangalia pasipoti: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand, Afrika Kusini. Mtanzania mwenye shahada mbili za Kiingereza hayumo. Nawatajia hili wale wanaonitumia matangazo ya mawakala wa kazi hizo mitandaoni wakiuliza watume shilingi ngapi. Msitume hata senti.

Turudi kwenye jedwali letu. Kinachowachanganya walimu wengi ni tangazo la ajira. Ajira Portal, tovuti ya serikali ya maombi ya kazi, huandika "Mwalimu Daraja la IIIC, Somo la Kiingereza", na mtu anadhani somo ni sehemu ya cheo. Somo limewekwa hapo kwa sababu ya ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika: shule fulani zina upungufu wa walimu wa Kiingereza, na serikali inatafuta wa kuziba pengo hilo. Ukishapangiwa kituo, kazi ya neno hilo imekwisha. Kwenye mshahara zinabaki herufi za TGTS, yaani ngazi za mishahara ya walimu wa serikali, na kinachofuata baada yake.

Mwenye astashahada ya ualimu huingia Daraja la IIIA na kuanzia TGTS B. Mwenye stashahada huingia IIIB, TGTS C. Mwenye shahada huingia IIIC, TGTS D. Zingatia kwamba ni shahada ya ualimu. Kijana aliyesoma isimu ya Kiingereza tupu, hata kama alikuwa wa kwanza darasani, hahesabiwi mwalimu mpaka aongeze stashahada ya uzamili ya ualimu. Nimeona waombaji wazuri wakikwama hapo.

Sasa herufi na namba. Herufi inayofuata TGTS ni daraja la mshahara, namba ni ngazi ndani ya daraja hilo. Kutoka D.1 kwenda D.2 ni nyongeza ya mwaka. Kutoka D kwenda E ni kupanda daraja. Ni mambo mawili tofauti yenye milango miwili tofauti, na malalamiko mengi yanayofika mezani kwetu yanatokana na kuyachanganya. Nyongeza ya mwaka ni uamuzi wa serikali kwa watumishi wote. Ilisimama kwa miaka kadhaa, ikarudishwa kwa tangazo la Rais Samia siku ya Mei Mosi 2023. Kupanda daraja kunapitia Tume ya Utumishi wa Walimu, kunahitaji uwe umethibitishwa kazini, umetumikia daraja lako kwa muda uliowekwa, tathmini yako ya utendaji iwe safi, na, hapa ndipo penye mgogoro, nafasi yako iwe imeombewa bajeti. Jina lako likikosekana kwenye bajeti ya mwaka husika, sifa zote ulizonazo zinasubiri. Ndiyo maana namwambia kila mwalimu aulizie tange ya walimu ya halmashauri yake, yaani ile orodha ya ukuu kazini, na aangalie kama tarehe yake ya ajira na ya daraja la mwisho zimeandikwa sawa. Tarehe moja ikikosewa, unapitwa na watu uliowapokea wakiwa wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha.

Walioajiriwa miaka ya mwanzo ya 2010 wanajua ninachosema. Mwaka 2016 kupandisha madaraja kulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti; Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa na sababu zake, siubishi. Lakini mwalimu mwenye cheti halali alikaa daraja lilelile kwa miaka, na ndipo baadaye likazaliwa hili tunaloliita mserereko, la kumpandisha mtu kufidia alipochelewa. Si wote uliowafikia.

Asilimia za nyongeza ya mishahara zinazotangazwa nazo zinahitaji jicho kali. Mwaka 2022 ilitangazwa 23.3, na 2025 ikatangazwa 35.1, kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kikitoka shilingi 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Hizo ni asilimia za kima cha chini. Kadiri daraja lako lilivyo juu ndivyo sehemu yako inavyopungua. Julai 2022 simu zilikuwa haziishi ofisini. Watu walikuwa wameshapiga hesabu ya robo nzima ya mshahara juu.

Halafu kuna makato, na hapa naomba tupige hesabu pamoja kwa namba za mfano tu. Mwalimu A ana shahada na mshahara wa 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 40,000. Kodi inapigwa kwenye 760,000 iliyobaki, nayo ni 68,000. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3, 24,000. Chama cha walimu asilimia 2, 16,000. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu asilimia 15, 120,000. Anabaki na 532,000. Mwalimu B ana stashahada, mshahara 650,000, hana mkopo wa Bodi. PSSSF 32,500, kodi 39,500, bima 19,500, chama 13,000. Anabaki na 545,500. Wa daraja la chini ameondoka na zaidi! Kwa hiyo ukimsikia mwenzako wa TGTS C akikwambia anapokea kuliko wewe wa D, usikimbilie kudhani mfumo umekosea. Angalia mstari wa Bodi kwanza.

Majirani zetu wa Kenya wamelipanga jambo hili kwa namna nyingine. Tangu mkataba wao wa 2017 madaraja yanaanzia B5 hadi D5, mwenye shahada akiingia sekondari kwa C2, lakini juu ya mshahara kuna posho ya nyumba inayobadilika kulingana na mahali, Nairobi ikiwa juu. Kwetu mwalimu wa Kinondoni, Dar es Salaam, na wa Kakonko, Kigoma, wanalipwa herufi moja kwa namba moja. Mimi naona Wakenya wametushinda kwenye hilo.

Kuhusu kujiendeleza, niseme jambo ambalo vyuo haviwaambii. Mwalimu wa stashahada aliyeshapanda hadi E kisha akasoma shahada, akibadilishiwa muundo wa utumishi huweza kuwekwa kwenye cheo cha kuingilia cha wenye shahada, yaani D, huku akiendelea kulipwa ule mshahara wake wa zamani kama mshahara binafsi. Hapungukiwi fedha, lakini foleni ya kupanda inaanza upya. Piga hesabu umebakiza miaka mingapi kustaafu kabla ya kulipa ada. Na uzamili wa Kiingereza hauna mlango wake kwenye matangazo ya ualimu wa shule. Una mlango chuo kikuu, kwenye jedwali lingine la PUTS, la wahadhiri, ambako watakuomba wastani wa alama (GPA) wa 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Mwenye 3.4 akiambiwa asome uzamili ili apande TGTS, anapotoshwa.

La mwisho ni malimbikizo. Barua ya kupanda daraja ina tarehe ya kuanza cheo, na mfumo wa mishahara unaweza kuchelewa kukubadilisha. Tofauti ya miezi hiyo ni deni unaloidai serikali. Andika madai, ambatanisha barua ya cheo na hati za mshahara za miezi yote husika, pitisha kwa mkuu wa shule, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa masijala wa kupokelewa.