Maana ya "kikosi bora cha kanda" katika futiboli ya vyuo vya Marekani

Anayesoma wasifu wa wachezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani hukutana mara kwa mara na sentensi fupi ya aina hii: fulani alichezea chuo fulani na akateuliwa katika kikosi cha All-Southern, au All-Western, au All-Pacific Coast, yaani kikosi bora cha Kusini, cha Magharibi au cha pwani ya Pasifiki. Sentensi hiyo huandikwa kana kwamba kila mtu anajua ni nani aliyeteua, kwa utaratibu gani, na kikosi hicho kilicheza na nani. Swali la mwisho ndilo jepesi kulijibu, kwa kuwa hakikucheza na yeyote. Kikosi bora cha kanda ni orodha ya majina inayochapishwa mwishoni mwa msimu, ikiwataja wachezaji ambao mteuzi mmoja au kundi la wateuzi limewaona kuwa bora, nafasi kwa nafasi, miongoni mwa vyuo vya sehemu moja ya nchi.

Tofauti yake na kombaini iko wazi. Kombaini ya mkoa inayokwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari za Tanzania, huingia kambini, hupewa kocha na jezi, kisha hupambana na kombaini za mikoa mingine, na mteuzi aliyependelea watoto wa shule yake huumbuka mbele ya watazamaji. Kikosi cha All-Southern hakikuwa na siku ya kuumbuka. Kilianzia gazetini na kuishia gazetini, na uzito wake ulitegemea jina la aliyekitia sahihi.

Orodha yenyewe ilikuwa na umbo linalojulikana. Ilitoka kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, mara baada ya michezo ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo kwa vyuo vingi ndiyo iliyofunga msimu. Kikosi cha kwanza kilikuwa na majina kumi na moja, saba ya mstari wa mbele na manne ya nyuma, kwa sababu enzi hizo wachezaji walewale walishambulia na kulinda. Kikosi cha pili kilifuata, mara nyingine na cha tatu, na chini kabisa yaliwekwa majina ya waliotajwa kwa heshima tu. Sheria za kubadilisha wachezaji zilipolegezwa kabisa katikati ya miaka ya 1960, orodha zikagawanyika kuwa ya washambuliaji na ya walinzi, na heshima iliyokuwa ya watu kumi na mmoja ikawa ya zaidi ya ishirini.

Sababu ya kuwapo kwa orodha za kanda haieleweki bila kuiangalia kwanza orodha ya taifa, yaani All-America. Hiyo ilianza mwaka 1889, na majina yanayohusishwa na mwanzo wake ni mawili: mwandishi Caspar Whitney na Walter Camp, mchezaji na kocha wa zamani wa Yale ambaye mchango wake katika kutunga sheria za mchezo huo hauna mfano. Wachezaji wote kumi na mmoja wa mwaka huo walitoka katika vyuo vitatu tu vya Mashariki mwa nchi: Yale, Harvard na Princeton. Camp aliendelea kuteua kwa miongo kadhaa, hasa katika jarida la Collier's, hadi alipofariki mwaka 1925, na kwa wasomaji wengi orodha yake ilikuwa kama tangazo la serikali. Lakini Camp alikuwa na macho mawili, na jumamosi za msimu hazikuwa nyingi. Michezo mingi ilichezwa saa zilezile katika miji iliyotenganishwa na safari ya treni ya siku nzima au zaidi, na hapakuwa na redio wala picha za kutosha. Aliyoyajua kuhusu kwingine aliyapata kwa barua, kwa magazeti na kwa kauli za makocha aliowaamini. Kwa hiyo si kosa kusema kwamba kwa miaka mingi orodha ya taifa ilikuwa orodha ya Mashariki iliyopewa jina kubwa zaidi. Ni mwaka 1898 ndipo Camp alipomweka katika kikosi chake cha kwanza mchezaji wa kutoka "Magharibi", Clarence Herschberger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Magharibi ya wakati huo, ieleweke, ilimaanisha Chicago, Michigan na Wisconsin. California ilikuwa haijaingia hata katika hesabu.

Magazeti ya kanda yalijaza pengo hilo, nayo yalikuwa na sababu ya kibiashara pia. Msomaji wa Atlanta au Nashville hakuwa na haja kubwa ya kujua nani amechaguliwa kutoka Yale. Alitaka kujua kama kijana wa chuo cha mjini kwake amemshinda yule wa chuo cha jirani. Orodha ya kanda ilizua ubishi, na ubishi uliuza gazeti. Kusini ndiko desturi hii ilikoota mizizi zaidi. Vyuo vya huko vilikuwa na chama chao cha michezo tangu mwaka 1894, vilicheza zaidi baina yao, na vilihisi kwa muda mrefu kwamba waandishi wa New York hawavioni. Mmoja wa walioteua vikosi vya All-Southern ni Grantland Rice, mzaliwa wa Tennessee aliyehitimu Vanderbilt mwaka 1901 na kuandikia magazeti ya Kusini kabla ya kuhamia New York. Mwingine ni John Heisman, aliyekuwa kocha wa Auburn, Clemson na Georgia Tech kwa nyakati tofauti.

Jina la Heisman linapaswa kumshtua kidogo msomaji wa leo. Kocha anateua kikosi bora cha kanda ambamo timu yake mwenyewe inashindana! Hata hivyo, wakati huo jambo hilo halikuonekana la ajabu. Camp naye aliteua wachezaji wa Yale huku akiwa mshauri wa Yale. Huko Chicago, Walter Eckersall, aliyekuwa kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) mashuhuri wa chuo kikuu cha jiji hilo hadi mwaka 1906, aliingia gazeti la Chicago Tribune, akawa mteuzi wa vikosi vya Magharibi, na papo hapo akawa mwamuzi wa michezo ya vyuo, mara nyingine akiandika habari ya mchezo aliouchezesha mwenyewe. Binafsi siioni hali hii kuwa ulaghai. Waliouelewa mchezo huo kwa undani walikuwa wachache, na hao hao ndio waliotakiwa kuufundisha, kuuchezesha na kuuandika. Lakini anayezitumia orodha hizo kama ushahidi wa kihistoria hana budi kujua mkono uliozishika kalamu.

Mfano wa Chuo cha Centre unaonyesha jinsi ngazi ya kanda ilivyoweza kuwa daraja la kufikia taifa. Centre ni chuo kidogo katika mji wa Danville, Kentucky, na wanafunzi wake walikuwa mia chache tu. Kwotabeki wake, Bo McMillin, alikuwa tayari gumzo la magazeti ya Kusini wakati Camp alipomtaja katika kikosi chake cha kwanza cha All-America mwaka 1919. Sifa hiyo ikawafungulia vijana wa Danville mlango wa kualikwa na Harvard. Walipoteza mwaka 1920, wakarudi tarehe 29 Oktoba 1921, na katika robo ya tatu McMillin akakimbia yadi 32 na kufunga alama sita zilizokuwa za pekee katika mchezo mzima. Matokeo ya 6–0 yalisomwa Kusini kote kama jibu kwa waliosema kwamba ubora wa kanda hiyo ni wa kwenye karatasi za huko huko. Miaka michache kabla yake, mwaka 1917, Georgia Tech ya Heisman ilimaliza msimu bila kufungwa, na wachezaji wake wawili, Everett Strupper na Walker Carpenter, walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutoka Kusini ya ndani kabisa kupewa heshima ya All-America.

Neno "Kusini" katika All-Southern, hata hivyo, lilikuwa na mipaka ambayo orodha yenyewe haikuitaja. Vyuo vilivyohesabiwa vilikuwa vya Wazungu peke yao. Katika majimbo hayo hayo palikuwa na Tuskegee, Morehouse, Fisk na vyuo vingine vya Wamarekani Weusi, vyenye ligi zao zilizoundwa mwaka 1912 na 1913, na michezo iliyojaza watazamaji. Kwa wateuzi wa magazeti makubwa ya Atlanta na Nashville ilikuwa kana kwamba havipo. Kazi ya kuwaona wachezaji hao ilifanywa na magazeti ya Weusi, hasa Pittsburgh Courier, ambalo tangu miaka ya 1920 lilitangaza mabingwa na vikosi bora vya vyuo vya Weusi. Ben Stevenson wa Tuskegee, mkimbiaji hodari wa miaka hiyo ambaye baadaye aliingizwa katika jumba la heshima la futiboli ya vyuo, alitajwa katika vikosi hivyo mara nyingi, na hakutajwa katika All-Southern hata mara moja. Kaskazini mambo yalikuwa tofauti kwa kiasi: William Henry Lewis wa Harvard aliteuliwa All-America mwaka 1892 na 1893, na Paul Robeson wa Rutgers mwaka 1917 na 1918. Katika ligi kubwa ya Kusini, SEC, mchezaji Mweusi wa kwanza kuingia uwanjani katika mchezo wa ligi hiyo ni Nate Northington wa Kentucky, mwaka 1967.

Utaratibu wa uteuzi nao ulibadilika. Mwandishi mmoja akiteua peke yake, orodha ni maoni yake, na wasomaji waliijadili hivyo. Baadaye magazeti yalianza kutuma karatasi za kura kwa makocha na waandishi wa kanda nzima na kujumlisha kura, na mashirika ya habari yakaingia: Associated Press lilianza kutangaza All-America yake mwaka 1925, na kwa kuwa lilikuwa na waandishi katika kila jimbo, liliweza pia kutoa orodha za ligi na za kanda. Kura nyingi hazikuondoa upendeleo wote, kwa sababu mpiga kura bado alimwandika zaidi aliyemwona, lakini ziliuzuia upendeleo wa mtu mmoja usiwe sheria. Ngazi ya taifa ilifikia hatua ya kutambua "makubaliano": chama cha michezo ya vyuo, NCAA, huhesabu orodha za wateuzi watano, na mchezaji anayeonekana katika kikosi cha kwanza cha wote watano huitwa mteule wa kauli moja.

Kuna mahali ambapo orodha za karatasi ziligeuka kuwa timu za kweli, na hapo pia waandishi wana mkono wao. Mwaka 1925 ulianza mchezo wa East–West Shrine huko San Francisco, ukikusanya wachezaji bora wa Mashariki dhidi ya wa Magharibi ili kuchangia hospitali za watoto. Mwaka 1934 Arch Ward, mhariri wa michezo wa Chicago Tribune, alianzisha mchezo wa nyota wa vyuo dhidi ya mabingwa wa ligi ya kulipwa. Wa kwanza, dhidi ya Chicago Bears, uliisha 0–0, na mashindano hayo yaliendelea hadi 1976. Hizi ni kombaini hasa, wala hazipaswi kuchanganywa na vikosi vya heshima, ingawa majina mengi ni yale yale.

Leo vikosi vya kanda kwa maana ya zamani vimefifia katika daraja la juu la vyuo. Nafasi yake imechukuliwa na vikosi bora vya ligi, kama All-SEC na All-Big Ten, ambavyo hutolewa kwa matoleo mawili, moja la makocha na jingine la waandishi, na mara nyingi hayafanani. Kwa muda mrefu ligi zilikuwa kanda kwa jina jingine. Tangu mwaka 2024 hata hilo halisemeki tena, kwa kuwa vyuo vya Los Angeles, Oregon na Washington vimo katika Big Ten, ligi iliyozaliwa Chicago mwaka 1896, na Stanford imejiunga na ligi inayobeba jina la pwani ya Atlantiki. Katika madaraja ya chini, ambako vyuo bado husafiri kwa basi na michezo haionyeshwi nchi nzima, vikosi vya kanda vinaendelea kutangazwa kila mwaka, kwa sababu ile ile ya enzi za Camp: hakuna mtu anayeweza kuwaona wote.

Kanda imebaki pia ndani ya kura ya tuzo inayobeba jina la Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa futiboli ya vyuo kila mwaka. Kura za vyombo vya habari ni 870, nazo zimegawanywa sawasawa katika kanda sita, 145 kila moja, ili pasiwe na upande unaozidi mwingine kwa wingi wa magazeti. Lakini mgawanyo huo hausogezi saa. Mchezo unaoanza saa moja na nusu usiku California unamkuta mpiga kura wa New York saa nne na nusu, na unaisha baada ya usiku wa manane. Mwaka 2015 Christian McCaffrey wa Stanford alivunja rekodi ya Barry Sanders, mchezaji wa vyuo wa zamani, ya jumla ya yadi za kukimbia, kudaka na kurudisha mipira katika msimu mmoja, akifikisha 3,864 dhidi ya 3,250, na Associated Press likamtaja mchezaji bora wa mwaka. Tuzo ya Heisman ilikwenda kwa Derrick Henry wa Alabama, ambaye msimu wake pia ulikuwa mkubwa, na mashabiki wa Pwani ya Magharibi wanadai mpaka leo kwamba wapiga kura wengi walikuwa wamelala.